Barua ya Paroko na Mlango wa Chuo cha Uuguzi



Kila mwaka, majira ya kuomba vyuo yanapofika, ofisi ya parokia hujaa watu. Hawakuja kuandikisha ndoa wala ubatizo. Wamekuja kuomba barua. Wengi wao hapa Kyimo na katika vijiji jirani wanataka kusomea uuguzi, na siku hizi wamo pia watu wazima: wauguzi wenye stashahada, waliokwisha kutumika miaka mingi, ambao wanaomba kuendelea na shahada kwa njia iliyofupishwa. Nimeandika barua nyingi za namna hiyo. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini nimeacha kuziandika kama nilivyozoea, na kwa nini naliona jambo hili kuwa la haki na amani, wala si la karatasi na mhuri tu.

Barua mbili

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja, muuguzi mwenye stashahada, aliyekuwa amefanya kazi katika zahanati ya kijiji kwa miaka kumi. Alikuwa ameomba nafasi ya shahada katika chuo kimoja cha mbali, naye alikuwa ameitwa kwenye usaili. Siku hiyo nilikuwa na haraka, maana nilikuwa nasubiriwa kigangoni kwa mazishi. Nikachukua barua ya zamani, nikabadili jina, nikagonga mhuri. Barua ilisema kwamba namfahamu vema, kwamba ni mwamini hodari, mwenye tabia njema na moyo wa huruma. Mama yule akapiga goti kidogo, kama ilivyo desturi ya huku kwetu, akashukuru, akaenda zake.

Wiki ileile nilimwandikia kijana mmoja aliyekuwa amemaliza stashahada yake si zamani. Baba yake ni mtu mkarimu, na ujenzi wa kanisa letu unamtegemea sana. Kijana mwenyewe sikumfahamu. Nilikuwa nikimwona Krismasi na Pasaka, tena kwa mbali. Naye nilimpa barua ileile, neno kwa neno.

Siku ya usaili wote wawili walijikuta mbele ya jopo moja. Msaili mmoja alizitandaza barua zile mezani, akamwuliza mama: “Padre wenu ana waamini wawili wanaofanana hivi?” Mama alinisimulia baadaye kwamba aliona haya kana kwamba amekamatwa na mali ya wizi. Aliporudi nyumbani hakuwa amepata nafasi.

Siwezi kusema kwamba barua yangu ndiyo iliyomwangusha. Lakini najua jambo moja. Miaka yake kumi ya kazi iliingia katika chumba kile ikiwa imefunikwa na sentensi zangu mbili za uvivu. Nilidhani nimewatendea wema watu wawili, kumbe nilikuwa nimemnyima haki mmoja wao kwa kumfananisha na mtu nisiyemjua. Mwenye kutoa ushuhuda wa mambo ambayo hakuyaona, hata kama ni mazuri, ametoa ushuhuda wa uongo.

Njia fupi na njia ya panya

Wapo waamini walioniuliza kama hizo shahada za muda mfupi si ujanja wa kupata vyeti kwa haraka. Swali ni zuri, nalo linastahili jibu.

Kwa kawaida kijana anayetoka kidato cha sita husoma shahada ya uuguzi kwa miaka minne, kisha hutumika mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Muuguzi mwenye stashahada tayari amejifunza kumwosha mgonjwa, kuchoma sindano, kupima mapigo ya moyo, kumzalisha mama. Kumrudisha mwanzo kana kwamba hajui kitu ni kupoteza muda wake na wa wagonjwa wanaomngoja. Ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Aga Khan, kilipoanza kazi katika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilianza na wauguzi waliokwisha kuajiriwa katika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa utaratibu uliowawezesha kusoma pasipo kuacha kazi. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Saint Louis, ambacho ni cha Wajesuiti, kilianzisha mwaka 1971 masomo ya uuguzi yaliyofupishwa kwa watu waliokwisha kuwa na shahada ya fani nyingine. Mfano huo ulifuatwa na vyuo vingi vya nchi hiyo.

Katika njia hizo kinachofupishwa ni marudio. Masharti hayafupishwi. Hapa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka vitabu vya mwongozo, na kuna kinachowahusu wenye stashahada peke yao. Humo utaona kwamba, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne, mwombaji anatakiwa kuwa na wastani usiopungua B katika stashahada yake, yaani alama 3.0. Tena muuguzi hana budi kuwa amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Aliye mtumishi wa umma hana budi kupata ruhusa ya mwajiri wake kwa maandishi. Hiyo ndiyo njia fupi: ni fupi kwa sababu sehemu ya safari imekwisha kutembewa.

Sisi tunaoishi kando ya barabara iendayo mpaka wa Kasumulu tunajua vizuri kwamba zipo njia nyingine, zile za panya, ambazo mtu huzipita usiku ili asikaguliwe. Katika kuomba vyuo nazo zipo. Yupo dalali anayemwambia mzazi kwamba “ana mtu ndani”, kwamba nafasi ipo ila inataka “maji ya kunywa”. Yupo mwenye kughushi cheti. Na sasa nakiri kwamba ipo pia barua ya padre iliyoandikwa bila kumjua mtu.

Yanayotokea katika chumba cha usaili

Vyuo vingi hapa nchini huchagua kwa kuangalia alama tu. Vingine humwita mwombaji, humpa mtihani, humketisha mbele ya jopo na kumwuliza. Mimi naunga mkono usaili. Alama za kemia na baiolojia haziwezi kueleza mtu atafanya nini saa tisa ya usiku, taa imezimika, mama anatoka damu na mganga yuko mbali. Yafaa mtu aulizwe.

Hata hivyo yatupasa kuutazama usaili kwa macho ya haki, kwa sababu unaweza kumwonea mtu pasipo mwenyewe aliyeuliza kutambua. Nitataja mambo matatu niliyoyasikia kwa waamini wetu.

La kwanza ni heshima. Binti aliyelelewa vema katika nyumba zetu hamkazii mkubwa macho, wala hajisifu mbele ya wazee. Akiulizwa, “Wewe umefanya nini cha pekee?” hujibu, “Nimefanya kazi tu.” Nyumbani jibu hilo ni adabu. Katika chumba cha usaili linaweza kuandikwa kwamba mwombaji hajiamini. Mama wa kisa chetu alijibu hivyo hivyo.

La pili ni lugha. Muuguzi wa zahanati ya kijijini huongea Kiswahili na Kinyakyusa kutwa nzima. Humweleza bibi namna ya kumeza dawa, naye bibi akaelewa, akapona. Huo ni ufundi mkubwa. Kisha huitwa kwenye usaili na kutakiwa aeleze ufundi huo kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa miaka kumi ameitumia katika kujaza fomu tu. Chuo kinafundisha kwa Kiingereza, hivyo hakikosei kutaka mwanafunzi akijue. Lakini msaili mwenye busara hutofautisha mtu asiyejua kazi na mtu anayetafuta maneno.

La tatu ni watoto. Mama yule aliulizwa: “Ukija huku, watoto wako watatu watatunzwa na nani?” Kijana aliyeingia baada yake hakuulizwa kama ana watoto, wala walio na wake hawakuulizwa. Pengine swali lilitoka katika moyo wa huruma. Lakini swali ambalo huulizwa wanawake peke yao hugeuka mzani wa namna mbili, na mzani wa namna mbili tunaujua sokoni: mmoja wa kununulia, mwingine wa kuuzia.

Haki ya mgonjwa

Baadhi yenu mtasema kwamba haya ni mambo ya wasomi, na kwamba Tume ya Haki na Amani ingeshughulika na mashamba, mirathi na vipigo majumbani. Nasema mambo hayo yote ni yetu, na hili pia ni letu, kwa sababu mwisho wake uko kitandani pa mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2020 kwamba ulimwengu ulikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, Afrika ikiwemo. Hatuna wauguzi wa kutosha. Kwa hiyo kila nafasi ya masomo ni mali ya watu wengi. Akipewa asiyestahili, aliyenyimwa si mwombaji mwenzake tu. Amenyimwa pia mama wa kijijini ambaye mwaka kesho atafika kujifungua na kumkuta mtu asiyejua la kufanya.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2017 Serikali ilitangaza majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Tulipiga kelele nyingi wakati ule. Wengine walishangilia, wengine walilia, maana walikuwa ndugu zao. Lakini ni wangapi kati yetu waliojiuliza vyeti vile vilianzia wapi? Vilianzia nyumbani, kwa mzazi aliyesema, “Mtoto wangu apite tu.” Vilisaidiwa na mtu mwenye mhuri aliyeona vigumu kusema hapana.

Nilivyojaribu kujirekebisha

Mwaka uliofuata mama yule aliomba tena, akanijia tena kwa barua. Nilimwambia asubiri. Nikaenda hadi zahanati yake, nikakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, nikauliza. Niliambiwa kwamba mjamzito akikosa kliniki mara mbili, muuguzi huyo humfuata nyumbani kwa miguu. Niliambiwa juu ya usiku mmoja wa masika ambapo alimsindikiza mama mwenye uchungu hadi hospitali ya wilaya, Makandana, wote wawili wakiwa katika gari lililopakia ndizi. Niliambiwa kwamba haipokei kuku ya shukrani kabla ya mgonjwa kupona. Nilionyeshwa daftari la wazazi, limeandikwa safi, siku kwa siku.

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Nilieleza pia nisichokijua, kwamba mimi si mtaalamu wa tiba, na kwamba siwezi kusema lolote juu ya uwezo wake darasani. Akina mama wa WAWATA wakamketisha jioni tatu, mwalimu mmoja mstaafu akijifanya msaili, akamwuliza maswali kwa Kiingereza. Walimfundisha kwamba kueleza ulilolifanya si majivuno, mradi ni kweli. Walimfundisha pia kulijibu swali la watoto kwa utulivu: “Mume wangu na mama yangu watawatunza, na naamini kila mwombaji ameulizwa vivyo hivyo.”

Yule kijana naye alirudi kuomba barua. Safari hii nilimwambia kwamba simfahamu, na kwamba naweza kuandika jambo moja tu, kuwa amebatizwa katika parokia hii. Kama alitaka zaidi, nilimwalika aje ajitolee siku za Jumamosi kuwatembelea wagonjwa wa vigango vyetu, ili baada ya miezi sita niwe na la kusema. Hakurudi. Baba yake alikuja badala yake, akaniambia maneno mazito, na mojawapo lilikuwa hili: “Padre, karatasi inakugharimu nini?”

Nimelifikiri sana swali hilo. Mzee yule si mtu mbaya. Anampenda mwanawe, na ameona wengine wakipita kwa karatasi kama hizo. Akinyimwa yeye peke yake, ataona ameonewa. Ndiyo maana nasema kwamba padre mmoja hawezi kulisimamia jambo hili peke yake. Lazima liwe desturi ya parokia nzima, inayojulikana na wote, tajiri na maskini, mfadhili wa kanisa na mjane asiye na kitu.

Tufanye nini

Napendekeza mambo yafuatayo yajadiliwe katika Halmashauri ya Walei.

Kwanza, barua ya parokia ianzie katika Jumuiya. Mwenyekiti na wajumbe wawili waeleze waliyoyaona kwa mwombaji, mazuri na mapungufu, kisha paroko aandike. Asiyefahamika aambiwe mapema, si siku ya mwisho.

Pili, tusaidie upande wa vyeti. Wengi hukwama kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha kidato cha nne, au jina la ubatizo liliongezwa shuleni bila kuandikishwa kokote. Makosa hayo hurekebishwa kwa njia ya sheria, nayo huchukua muda. Wazazi wayatazame mtoto angali kidato cha kwanza. Wasingoje hadi ameitwa chuoni.

Tatu, dalali asiingie nyumbani mwetu. Utaratibu wa kuomba uko wazi. Shahada huombwa moja kwa moja chuoni, na mwongozo hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa ngazi ya cheti na stashahada, vyuo na masharti yake hutambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Mtu akitaka fedha ili “akusaidie”, au akimtaka binti kimwili ili apate nafasi, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo inaitaja rushwa ya ngono waziwazi. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila malipo. Binti anayetoa taarifa kama hiyo asiachwe peke yake. WAWATA wamsindikize.

Nne, tuwe na mazoezi ya usaili kila mwaka, kwa kila anayetaka, awe Mkatoliki, Mmoraviani, Mlutheri au Mwislamu. Katika wilaya hii Wamoraviani wametutangulia tangu mwaka 1891, na wagonjwa wetu hulala katika wodi moja. Hakuna sababu ya kubaguana mlangoni pa chuo.

Tano, tunapopata nafasi ya kuongea na wenye vyuo, hasa vile vya Kanisa, tuwaombe kwa heshima mambo manne: vigezo vitangazwe mapema, waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, msaili asikae peke yake na mwombaji, na aliyekosa nafasi aelezwe sababu. Mwenye kutenda haki hapungukiwi kitu kwa kuieleza.

Mwisho

Mama yule alipata nafasi. Ilibidi angoje ruhusa ya mwajiri kwa miezi mingi, na mume wake aliuza ng’ombe mmoja kwa ajili ya ada. Alimwuza hadharani, mnadani, kwa risiti, na fedha yote ikaenda chuoni.

Kwa upande wetu, mifuko ya saruji tuliyokuwa tumeahidiwa kwa ujenzi wa sakristia haikuletwa. Ukuta umesimama mpaka usawa wa dirisha, na masika haya tumeufunika kwa maturubai. Wageni wakiniuliza kwa nini haujaisha, nawaambia kwamba fedha imepungua. Ninyi, ndugu zangu, mnaijua sababu yenyewe, na nawaomba tuumalize kwa michango yetu midogo midogo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, umewahi kuombwa kumshuhudia mtu usiyemfahamu? Ulijibu nini?

2. Katika Jumuiya yetu yuko nani anayeomba chuo mwaka huu, na ni msaada gani wa kweli tunaoweza kumpa?

3. Mzee yule aliuliza karatasi inagharimu nini. Sisi tungemjibuje?